Tulikwenda Kilwa Kutafuta Jina

Safari hii ilianzia kwenye daftari la mtoto.

Mwenzetu mmoja katika kikundi chetu ana binti wa darasa la tano. Siku moja binti huyo alirudi na kazi ya shule, achore mti wa ukoo wake. Baba yake akamsaidia upande wa kuumeni, nao ukajaa upesi: baba, babu, baba wa babu, na wengine juu yao hata wakatimia saba, wote wakiishia na jina lile lile, Shirazi. Upande wa mama ulikuwa na majina mawili tu, la mama na la bibi. Huko juu palikuwa peupe. Mwalimu alitia alama ya vema upande wa baba, na upande wa mama akaandika: "Malizia." Ndipo mtoto alipouliza, "Mama, kwani ninyi hamkuwa na watu?"

Mwenzetu alitusimulia habari hiyo jioni moja baada ya mkutano, wala hakuwa akicheka. Yeye ni Mmakua wa Masasi. Kwa miaka 12 ya ndoa yake amekuwa akisikia kwa wifi yake kwamba akina Shirazi ni watu waliokuja kwa jahazi kutoka Uajemi, na yeye ni mtu wa porini aliyeolewa vizuri. Husemwa kwa utani. Lakini utani wa miaka 12, akina mama, mnajua wenyewe unavyouma. Babu wa mumewe alibatizwa akiwa kijana, alipokuwa akifanya kazi misheni, akapewa jina jipya la ubatizo. Jina la ukoo hakukubali kuliacha. Ndivyo lilivyofika mpaka kwenye daftari la mtoto huyu.

Likizo ilipokaribia, mwenzetu alikuwa anakwenda Masasi kumwona mama yake mzazi. Sisi watatu tukaamua kumsindikiza, na tukakubaliana tupitie Kilwa, ambako ukoo wa mumewe husema ndiko walikotoka. Mtoto alikuja pia, na daftari lake kwenye mfuko wa plastiki lisilowe.

Tuliondoka Dar es Salaam alfajiri. Wale kati yetu waliosafiri njia ya kusini zamani walisimulia habari za kivuko cha Ndundu na siku walizolala kando ya Mto Rufiji wakingoja zamu. Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, lilituvusha kabla mtoto hajamaliza kuuliza mto wenyewe uko wapi. Nangurukuru tukashuka, tukakamata gari la Kilwa Masoko, mwendo wa kilometa 30 hivi, tukalala huko.

Asubuhi tulikata kibali, tukapanda mashua. Mlango wa bahari kati ya Masoko na Kisiwani si mpana, hata waoga wawili tuliokuwa nao walivuka bila kufumba macho. Kitu cha kwanza kinachoonekana ni Gereza, ile ngome iliyosimama karibu na maji. Wareno walijenga ngome mahali hapo mwaka 1505, mwaka ule ule walipouvamia mji na kuupora, na baadaye Waarabu wa Omani wakaijenga upya. Pwani, akina mama wa kisiwa walikuwa wamekunja kanga zao wakiokota chaza kwenye tope, kwa maana maji yalikuwa yanakupwa. Walitusalimu, wakamuuliza mtoto jina lake. Alipolitaja na la ukoo, mmoja wao akacheka akasema, "Basi umekuja kwenu."

Mwenzetu alisikia neno hilo. Hakusema kitu.

Hapa inafaa tueleze jina lenyewe. Shirazi maana yake ni mtu wa Shiraz, na Shiraz ni mji wa Uajemi, nchi ambayo leo huitwa Iran. Ni jina la mahali, kama sisi tunavyomwita mtu Mpemba au Mmafia. Tena Shiraz wenyewe hauko pwani; uko ndani ya nchi, milimani. Waajemi waliosafiri kuja huku walipanda vyombo kwenye bandari za Ghuba, kama Siraf. Basi hata huko mwanzo, jina hilo huenda lilibebwa na watu wengi ambao hawakuzaliwa Shiraz, kwa sababu ulikuwa mji wenye sifa.

Kijana aliyetuongoza magofuni alitusimulia hadithi ya kale, nasi tulikuwa tumeisoma kidogo kabla ya safari. Imeandikwa zaidi ya mara moja. Iko tarehe ya Kilwa ya Kiarabu, ya mwanzoni mwa karne ya 16. Iko ile ya Mreno João de Barros, iliyochapishwa mwaka 1552. Na iko ya Kiswahili, iliyochapishwa na Mjerumani Carl Velten mwaka 1907. Zote zinasema kwamba alikuja mtu mmoja kutoka Shiraz, jina lake Ali, akakinunua kisiwa kwa nguo. Tarehe ya Kiarabu husema vilikuja vyombo saba, baba na wanawe sita, kila chombo kikatua mahali pake.

Mambo mawili katika hadithi hizo yalitufanya sisi wanawake tusimame pale juani.

La kwanza limo katika kitabu cha Mreno. Anasema kwamba Ali huyo alikuwa na ndugu wengi, wana wa mama wa Kiajemi wa ukoo bora, lakini yeye mama yake alikuwa mtumwa Mhabeshi. Nduguze walimdharau kwa ajili ya mama yake, ndiyo maana akatafuta nchi nyingine. Kwa hiyo, kwa hadithi hiyo, baba wa Washirazi wa Kilwa alikuwa mtoto wa mwanamke wa Afrika kabla hajatia mguu wake Kilwa!

La pili limo katika hadithi ya Kiswahili. Kisiwani alikuwako mzee mwenye mji, jina lake Mrimba. Mgeni akampa nguo na shanga, wakapatana, akamposa binti wa Mrimba akamwoa. Kisha akamwambia mkewe amweleze baba yake ahamie bara, maana mkwe na mkwewe hawapendezi kukaa mahali pamoja. Mrimba akasema, na atandike nguo kutoka kisiwani mpaka ng'ambo, nipite juu yake. Zikatandikwa, akapita, akahama. Binti akazaa mtoto wa kiume. Mtoto alipokua alikwenda bara kumtembelea babu yake mzaa mama, na babu akampa ufalme wake.

Angalieni vizuri. Nguo zilinunua kisiwa, lakini haki ya kutawala haikutoka chomboni. Ilitoka kwa babu mzaa mama. Mtoto aliipokea kwa sababu alizaliwa na binti wa Mrimba. Na binti huyo jina lake ni nani? Tulimuuliza kijana wetu. Akafikiri, akatabasamu kwa aibu kidogo, akasema, "Wanasema tu binti Mrimba."

Mmoja wetu, ambaye hakosi neno, akauliza ni nani aliyezifua nguo hizo zote baada ya mzee kupita nazo kwenye tope. Tukacheka, tukaendelea.

Msikiti Mkuu ni jengo la kutazamwa kwa utulivu. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Sehemu ya zamani zaidi ni ya karne ya 11. Ile kubwa yenye kuba na nguzo nyingi iliongezwa mwanzoni mwa karne ya 14, wakati dhahabu ya Sofala ilipokuwa ikipitia hapa na mji una utajiri mwingi. Msafiri Ibn Battuta aliuona mwaka 1331 akausifu. Husuni Kubwa, jumba la sultani lililoko juu ya genge upande wa mashariki, tulilifikia miguu ikiwa imechoka, hatutawachosha nanyi. UNESCO iliuandika mji huu pamoja na Songo Mnara katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, ikauweka katika orodha ya hatari mwaka 2004, na mwaka 2014 ikautoa katika orodha hiyo baada ya magofu kutengenezwa.

Kwa muda mrefu wataalamu walibishana kama Washirazi walikuja kweli. Wakati wa wakoloni waandishi wengi wa Kizungu walishika kwamba miji hii ilijengwa na wageni, kana kwamba Mwafrika hawezi kupanga jiwe juu ya jiwe. Baadaye wachimbaji na wataalamu wa lugha walionyesha kwamba miji ilikua polepole kutoka vijiji vya wenyeji, na kwamba Kiswahili ni ndugu wa Kipokomo na lugha za Wamijikenda. Basi wengine wakasema Uajemi ni hadithi tu ya kujipa heshima. Hata hivyo mtawala aliyeitwa Ali bin al-Hasan si wa kubuniwa: sarafu zenye jina lake zimepatikana Kilwa, na mwaka 1984 zilipatikana Mtambwe Mkuu, Pemba, sarafu za fedha za jina hilo katika hazina moja na dinari za dhahabu za karne ya 11.

Kisha, Machi 2023, jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba, yaani ile asili tunayorithi kwa wazazi ndani ya chembe za mwili. Kati ya waliouongoza ni Profesa Chapurukha Kusimba, Mkenya, na David Reich wa Chuo Kikuu cha Harvard. Walichunguza mabaki ya watu 80 wa kati ya mwaka 1250 na 1800. Wengi walitoka Mtwapa, Manda na Faza huko Kenya. Wachache walitoka Kilwa, Songo Mnara na Lindi. Na wengine mji wa bara. Wale wa pwani kwa kawaida ni watu wenye cheo, waliozikwa karibu na misikiti au katika makaburi ya mawe.

Mmoja wetu ni mwalimu wa sekondari, amefundisha biolojia miaka mingi. Tulipokuwa tumekaa chini ya mbuyu tukingoja maji yajae mashua ipate kutuchukua, alimweleza mtoto kwa kutumia kijiti mchangani, nasi wazee tukajifanya hatusikilizi.

"Kuna kitu ndani ya mwili," alisema, "kinaitwa kromosomu Y. Baba humpa mtoto wa kiume peke yake, naye humpa mwanawe. Hicho hutembea kama jina lako la ukoo. Kuna kingine, cha mitokondria. Mama huwapa watoto wake wote, wa kiume na wa kike, lakini wanaokipeleka mbele ni mabinti tu. Hicho hakina jina kwenye daftari."

Walipotazama alama ya mama katika mifupa ile, wataalamu waliona karibu yote ni ya Afrika. Walipotazama alama ya baba, nyingi zilikuwa za Asia. Kwa ujumla, wengi wa watu hao zaidi ya nusu ya asili yao ilikuwa ya Afrika, hasa kwa upande wa wanawake. Sehemu kubwa iliyobaki, na mara nyingine zaidi ya nusu, ilikuwa ya Asia. Na katika hiyo ya Asia, asilimia 80 hadi 90 ilitokana na wanaume wa Uajemi, pamoja na kiasi cha Uhindi. Kuchanganyika huko kulianza kama mwaka 1000. Baada ya mwaka 1500 ndipo asili ya Uarabuni ilipozidi.

Basi wifi ana haki yake: wanaume wa jahazi walikuja kweli. Lakini walipofika walikuta nyumba, na ndani ya nyumba walikuta mwanamke, na yeye ndiye aliyewafundisha watoto kusema. Mwalimu wetu akampa mtoto mchezo wa maneno. Nanga na bandari ni maneno yenye asili ya Kiajemi, na serikali pia. Haya, mama je? Nyumba? Moto, maji, chungu, mwiko, kinu? Kulala, kula, kuzaa? Hayo yote ni ya Kibantu. Baba alileta maneno ya bandarini na barazani; ya jikoni na kitandani alikuja kujifunza hapa hapa.

Hatusemi kwamba kila ndoa ilikuwa ya heri. Mifupa haielezi kama binti Mrimba aliulizwa anataka au hataki, wala kama alilia baba yake alipopita juu ya nguo kwenda bara. Pwani hii imeona pia wanawake walionunuliwa. Tuliyazungumza hayo kwa sauti ya chini, mtoto akiwa amekwenda kutazama kaa.

Alipokaribia tena, mwalimu alimpa hesabu ya mwisho. Una wazazi 2, mababu na mabibi 4, juu yao 8, kisha 16. Akaendelea kukokotoa mchangani mpaka kizazi cha kumi: 1,024. Nusu yao, 512, ni wanawake. "Na jina lako la ukoo," akamuuliza, "limetoka kwa wangapi kati ya hao?" Mtoto akatazama hesabu muda, akasema, "Kwa mmoja." Kutoka mwaka 1000 mpaka leo ni vizazi vingi zaidi ya kumi, na watu wa pwani wameoana na wa bara kila wakati. Mtu anaweza kuitwa Shirazi leo akawa na asili ndogo sana ya Uajemi, na jirani yake asiyejua hata Shiraz iko wapi akawa nayo nyingi. Unguja na Pemba, jina hili limepanda na kushuka kwa sababu za dunia hii: katika hesabu za watu za wakati wa Waingereza, wengi walioandikwa Waswahili mara hii waliandikwa kabila jingine mara nyingine, na Washirazi wakaongezeka, kwa sababu kabila uliloandikiwa lilikuwa na faida au hasara zake mbele ya serikali.

Sisi Wakristo tumezoea orodha za ukoo zinazokwenda kwa akina baba. Lakini mwenzetu, maji yalipokuwa yanapanda, alitukumbusha Mathayo sura ya kwanza, jinsi Tamari, Rahabu na Ruthu walivyotajwa katikati ya wanaume wote wale, na wa nne akaitwa mke wa Uria tu. "Huyo naye ni binti Mrimba," akasema. Hayo ndiyo maneno yake marefu kuliko yote siku hiyo.

Siku ya pili yake tulishika njia ya Lindi mpaka Masasi, tukafika usiku.

Mama mzazi wa mwenzetu ni mzee sana, lakini akili yake ni kali. Asubuhi tulimkuta ameketi mkekani akibangua korosho, vidole vyeusi kwa mafuta yake. Baada ya kuamkiana, mwenzetu alitoa daftari akamweleza shida ya mtoto. Bibi hakuielewa shida.

"Nihimo yake si ya mama yake?" akauliza. "Kwani inaweza kuwa ya nani?"

Ikabidi tueleweshwe sisi. Kwa Wamakua, nihimo ni ukoo, nao hupita kwa mama. Watoto wa mwanamke ni wa nihimo ya mwanamke. Baba ana ya kwake, aliyoipata kwa mama yake. Kwa bibi huyu mjukuu wake hakuwahi kukosa watu hata siku moja. Alikuwa amehesabiwa tangu siku aliyozaliwa, na hakuna aliyemwambia, kwa sababu alizaliwa Dar es Salaam na lugha ya bibi yake haijui.

Mwenzetu aliinamisha kichwa. Alituambia baadaye kwamba kilichomchoma si maneno ya wifi tena. Wifi hakumficha mtoto wake kitu. Yeye mwenyewe ndiye aliyenyamaza miaka 12, akidhani hana cha kusema.

Bibi akaweka korosho chini, akafuta mikono, akaanza kutaja. Mama yake. Mama wa mama yake. Kila jina alilitaja na mahali mtu huyo alipolima na alipozikwa. La tano alilisema polepole. La sita alifumba macho, akakaa kimya mpaka tukadhani amechoka, kisha akalitoa, akasema huyo ndiye aliyevuka Ruvuma kutoka upande wa Msumbiji akiwa na mtoto mgongoni. Hatuyachapishi majina hayo hapa, ni ya watoto wake. Mtoto aliandika kwa herufi kubwa, akimwomba arudie, bibi akirudia bila kuchoka. Nafasi nyeupe ikaisha kabla ya majina. Akachana karatasi nyingine, tukaibandika kwa juu kwa ugali wa asubuhi, maana gundi haikuwapo.

Tuliporudi, wifi alikuja kutoa pole ya safari. Mtoto akamwonyesha daftari. Alilitazama kwa muda mrefu, upande huu na upande ule, kisha akamuuliza mtoto, "Na mimi, mama wa bibi yangu mzaa mama anaitwa nani?" Mtoto hakujua. Wifi mwenyewe hakujua. Akampigia dada yake mkubwa, naye hakujua. Tulipoaga alikuwa bado ameshika simu, anatafuta mtu wa Kilwa.